Bruce Lee: vyuma au mapigano?

Kijana anayeamua kuanza mazoezi hukutana mapema na njia panda. Upande mmoja wapo wanaonyanyua vyuma ili kutunisha misuli. Upande wa pili wapo wanaojifunza kupigana: ngumi, karate, judo au mieleka. Wa vyuma hujivunia kifua na mikono inayoonekana hata ndani ya shati. Wa mapigano huwajibu kwamba kifua kipana hakimsaidii mtu asiyejua kukwepa.

Katika makala hii tunayatazama maisha ya mtu aliyepita njia zote mbili na kulipia gharama ya kila moja. Ni Bruce Lee, ambaye wengi wetu tulimfahamu kupitia filamu zake za kung fu.

Mtoto wa mwigizaji

Bruce Lee alizaliwa tarehe 27 Novemba 1940 mjini San Francisco, Marekani. Wazazi wake walikuwa wakazi wa Hong Kong. Baba yake, mwigizaji wa michezo ya jukwaani ya Kichina, alikuwa ziarani Marekani na kundi lake. Mwaka uliofuata familia ilirudi Hong Kong, na huko ndiko mtoto alikokulia. Alianza kuonekana kwenye filamu akiwa bado mdogo sana.

Mitaa ya Hong Kong ya miaka ya 1950 ilikuwa na vurugu za makundi ya vijana, naye hakukaa mbali nazo. Akajifunza Wing Chun, aina ya kung fu inayotumia ngumi fupi za haraka kwa karibu, chini ya mwalimu Ip Man. Mwaka 1958 alishinda pia mashindano ya ngumi ya wanafunzi. Lakini ugomvi wa mitaani ulizidi, na wazazi wakaona bora aondoke. Mwaka 1959, akiwa na miaka 18, alirudi Marekani.

Huko aliishi Seattle, akafanya kazi katika mgahawa, akasoma, akaingia Chuo Kikuu cha Washington, na akaanza kufundisha kung fu. Mwaka 1964 alihamia Oakland na kufungua shule ya mapigano pamoja na rafiki yake James Lee. Mwaka huohuo alimuoa Linda.

Pumzi ilimwishia

Mwishoni mwa 1964 Bruce Lee alipigana ndani ya shule yake na mwalimu mwingine wa kung fu, Wong Jack Man. Masimulizi ya pambano hilo hayafanani. Upande wa Bruce Lee husimulia kwamba liliisha kwa dakika tatu hivi na kwamba yeye ndiye aliyeshinda. Upande wa pili husema lilichukua muda mrefu zaidi na halikuwa na mshindi wa wazi.

Lililo muhimu kwetu ni lile lililomsumbua baadaye. Kwa maelezo ya familia yake, hakufurahia ushindi huo. Mpinzani alipokimbia kuzunguka chumba, Bruce Lee alilazimika kumfukuza, na mwishowe alikuwa anahema. Ufundi alikuwa nao, lakini mwili ulichoka upesi. Miaka yote ya kujifunza namna ya kupiga ngumi haikuwa imempa pumzi ya kutosha wala nguvu ya kudumu.

Hapo ndipo alipoanza kuutengeneza mwili kwa makusudi. Alikimbia, akaruka kamba, akapiga begi la mazoezi, akanyoosha viungo. Akaanza pia kunyanyua vyuma. James Lee mwenyewe alikuwa mnyanyua vyuma, na rafiki yao mwingine wa Oakland, Allen Joe, alikuwa mtunisha misuli. Hao ndio waliomwonyesha njia. Bruce Lee aliandika mazoezi yake kwenye daftari: zoezi gani, uzito gani, mara ngapi.

Hata hivyo hakutaka mwili mkubwa. Alikuwa na urefu wa sentimita 172 hivi na uzito wa kilo 60 na kitu. Alitaka misuli ifanye kazi. Mikono ya mbele, kwa mfano, aliifanyia mazoezi sana kwa sababu ndiyo inayoshika na kusukuma ngumi. Msuli ambao ungemfanya awe mzito na mwenye mwendo wa polepole hakuuhitaji. Mwaka 1967 aliupa mtindo wake jina la Jeet Kune Do, akichanganya kung fu na mambo aliyoyachota kwenye ngumi za Kizungu na mchezo wa kupigana kwa vitara.

Siku chuma kilipomshinda

Tarehe 13 Agosti 1970 alifanya zoezi ambalo mtu huweka chuma mabegani, nyuma ya shingo, kisha huinama kuanzia kiunoni na kuinuka tena. Chuma kilikuwa na uzito wa kilo 61 hivi, karibu sawa na uzito wake mwenyewe, na zaidi ya mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Inaelezwa kwamba hakuupasha mwili moto kabla ya kuanza.

Aliumia mgongo, na mshipa wa fahamu wa sehemu ya chini ya uti wa mgongo ukadhurika. Madaktari walimwambia apumzike kitandani, na kwamba huenda asipige teke tena maishani. Alikuwa na miaka 29, mke na watoto wawili, na mwili huo ndio uliokuwa ukiwalisha.

Alilala na kupumzika kwa miezi kadhaa. Muda huo aliutumia kusoma na kuandika mawazo yake kuhusu mapigano. Maandishi hayo yalikuja kutolewa kama kitabu baada ya kifo chake. Polepole alianza tena kutembea, kisha kufanya mazoezi. Mwaka 1971 alikuwa Thailand akicheza The Big Boss, filamu iliyompa umaarufu mkubwa Asia. Watazamaji waliomwona akiruka na kupiga mateke hawakujua kwamba maumivu ya mgongo hayakuwa yamemwacha. Aliendelea kuishi nayo.

Filamu nyingine zilifuata. Tarehe 20 Julai 1973 alifariki Hong Kong akiwa na miaka 32, kwa sababu ya kuvimba kwa ubongo. Enter the Dragon, filamu iliyompeleka dunia nzima, ilitoka baada ya yeye kufariki. Alizikwa Seattle.

Tuchague lipi?

Maisha yake yanatuonyesha kwamba swali la kwanza ni mtu anautaka mwili kwa kazi gani. Bruce Lee alilijua jibu lake: alitaka kupigana vizuri. Kwa hiyo mapigano yalibaki kuwa shughuli yake, na vyuma vikawa kifaa cha kuisaidia. Anayetaka misuli ionekane hana kosa. Vyuma ndiyo njia yake. Anayetaka wepesi, pumzi na kujiamini atafaidika zaidi na ngumi au karate, maadamu yupo mwalimu wa kumwongoza. Anayelima na kubeba mizigo kila siku huenda nguvu anayo tayari, na akapungukiwa pumzi na unyumbufu wa viungo. Hivyo viwili havihitaji fedha nyingi: Bruce Lee alivitafuta kwa kukimbia barabarani, kuruka kamba na kujinyoosha.

Jambo la pili ni kwamba kila njia ina hatari yake. Mapigano huleta vipigo, hasa vya kichwa, na hayafai kujaribiwa bila mwalimu. Vyuma huumiza mgongo pale mtu anapokurupukia uzito mkubwa. Pasha mwili moto kwa dakika kama kumi kabla ya kuanza. Anza na uzito mdogo na uongeze kidogo kidogo, ukiwa na mwenzako wa kukuangalia. Tahadhari hiyo inafaa pia kwa chuma cha kujitengenezea kwa saruji na makopo nyumbani.

Na ukipata maumivu ya mgongo yanayoshuka hadi mguuni, au mguu ukafa ganzi, acha mazoezi na uende kituo cha afya. Ukishindwa kuuzuia mkojo au choo, au ganzi ikifika sehemu za siri, usisubiri kesho. Nenda hospitali siku hiyohiyo.