Kimweri, mfalme wa mvua, na Krismasi ya baridi ya wengine

Wadau, kila Desemba tunabandika pamba kwenye mti tukijifanya ni theluji, wakati baridi yetu ya Lushoto ni Juni na Julai! Leo namleta Kimweri ye Nyumbai, Simba Mwene wa Wasambaa, aliyetawala toka Vugha mpaka alipofariki 1862. Himaya yake ilishuka hadi pwani, Tanga na Pangani. Lakini milimani aliheshimiwa hasa kwa mvua. Mfalme mwenye nguvu asiye na mpinzani anaiponya nchi, kuzifya shi. Wakubwa wakigombana ni kubana shi, nchi inaharibika, njaa inaingia.

Mwaka 1848 akaja Krapf, mmisionari Mjerumani, akarudi tena 1852. Mzee alimpokea vizuri tu. Kwa wamisionari, dini ya mfalme huyu ilikuwa upagani.

Sasa cheki hii. Injili haitaji tarehe aliyozaliwa Yesu. Tarehe 25 Desemba inaonekana Roma mwaka 336, na kalenda ya huko ya 354 inaiweka siku hiyohiyo kuwa ya kuzaliwa Jua Lisiloshindwa, pale mchana unapoanza kurefuka katikati ya majira ya baridi. Nani alimfuata mwenzake, wasomi bado wanabishana. Mimi naona Warumi walihofia jua, wazee wetu mvua, basi. Ila siku ya jua ipo kwenye kalenda, ya Kimweri hakuna.

Alipokufa, mjukuu wake Shekulwavu akarithi, Semboja wa Mazinde akaasi, milima ikaingia vitani. Mwaka 1891 Wajerumani wakafungua misheni Mlalo.