Florence Nightingale na Hesabu za Hospitali

Ukienda kutibiwa katika hospitali ya Kasulu au ya Kibondo, kwanza utaulizwa jina lako, umri wako na kijiji utokacho. Majibu yako huandikwa. Je, umewahi kujiuliza kwa nini? Katika somo hili utasoma habari za Bibi Florence Nightingale, muuguzi aliyeonyesha kwamba kumbukumbu za wagonjwa zaweza kuokoa maisha.

Bibi Nightingale alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, nchini Italia. Wazazi wake walikuwa Waingereza matajiri. Tangu utotoni alipenda hesabu. Alipotaka kuwa muuguzi, jamaa zake walimkataza, maana siku hizo kazi hiyo ilidharauliwa. Hakukata tamaa. Mwaka 1851 alikwenda Ujerumani kujifunza kuwahudumia wagonjwa.

Mwaka 1854 Uingereza ilikuwa ikipigana vita na Urusi. Askari wake waliojeruhiwa au kuugua walipelekwa katika hospitali ya Scutari, nchini Uturuki. Bibi Nightingale alikwenda huko pamoja na wauguzi 38. Walikuta wodi zimejaa, na chini ya jengo mifereji ya maji machafu imeziba. Walifanya kazi usiku na mchana, lakini vifo viliendelea. Mwezi Februari 1855, kati ya kila wagonjwa 100 waliotibiwa, karibu 43 walikufa. Mwezi Machi walifika mabwana afya kutoka Uingereza. Mifereji ilisafishwa, mizoga ikaondolewa na hewa safi ikaingizwa wodini. Kufikia Juni, waliokufa walikuwa 2 tu kati ya kila 100.

Vita vilipokwisha mwaka 1856, Bibi Nightingale alirudi Uingereza. Akisaidiwa na Bwana William Farr, mtaalamu wa takwimu, alizichunguza hesabu za vifo. Waligundua kwamba askari wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na magonjwa kama vile kipindupindu na kuhara, ambayo yangaliweza kuzuiwa kwa usafi. Mwaka 1858 alitoa michoro ya rangi ili wakuu wa serikali waone jambo hilo kwa macho yao.

Lakini hesabu isipofanywa kwa uangalifu hupotosha. Mwaka 1863 Bibi Nightingale alichapisha jedwali la Bwana Farr kuhusu hospitali 24 za London. Vifo vya mwaka mzima wa 1861 vilikuwa 3,828. Bwana Farr alivigawanya kwa wagonjwa 4,214 waliokuwamo siku moja tu ya mwezi Aprili. Ikaonekana kana kwamba wagonjwa 91 kati ya kila 100 walikufa! Madaktari walipinga, nao walikuwa na haki. Kitanda kimoja hulaza wagonjwa wengi kwa mwaka, mmoja baada ya mwingine.

Sasa fikiri wewe mwenyewe. Tuseme hospitali moja ina vitanda 20. Kwa mwaka ililaza wagonjwa 500, na 10 kati yao walikufa. Ukigawanya vifo kwa vitanda, utapata 50 kwa kila 100. Ukigawanya kwa wagonjwa wote, utapata 2 tu kwa kila 100. Hesabu ya pili ndiyo ya haki. Tena, kama wagonjwa mahututi wa zahanati zote hupelekwa katika hospitali hiyo, usiilaumu kabla ya kujua wagonjwa walifika wakiwa katika hali gani.

Bibi Nightingale alifariki tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na umri wa miaka 90. Kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa, ni Siku ya Wauguzi Duniani.

Maswali
1. Vifo vilipungua Scutari baada ya kufanyika mambo gani?
2. Kwa nini jedwali la mwaka 1863 lilipotosha?
3. Hospitali A ililaza wagonjwa 400, wakafa 12. Hospitali B ililaza 200, wakafa 8. Kati ya kila wagonjwa 100, walikufa wangapi katika kila hospitali? Ungependa kujua nini zaidi kabla ya kusema ipi ni bora?