Jack Tramiel: mzee aliyeichukua Atari bila keshi

Wadau, jina la Atari wengi tunalijua, hata sisi tuliokuta gemu za CD mtaani. Ila jamaa aliyeishika kampuni hiyo miaka 12 hatajwi sana, na akitajwa anatukanwa. Leo namleta.

Jack Tramiel alizaliwa Łódź, Poland, mwaka 1928, familia ya Kiyahudi. Vita ilipokuja wakafungiwa geto, wakapelekwa Auschwitz, halafu yeye na baba yake kambi ya kazi ya Ahlem, Ujerumani. Baba alifia huko. Jack alikombolewa na wanajeshi wa Marekani Aprili 1945, ana miaka 16. Mwaka 1947 akahamia Marekani, akaingia jeshini, akajifunza kutengeneza taipureta. Kwenye taipureta hizo ndiko ilikoanzia Commodore, kampuni iliyotoa Commodore 64 mwaka 1982, kompyuta ya bei poa iliyouzwa mamilioni. Januari 1984 hawakuelewana na mwenyekiti wake, akaondoka.

Sasa Atari. Ilianzishwa 1972, ikauzwa kwa Warner 1976 kwa dola milioni 28. Ilipiga hela sana, lakini 1983 soko la gemu Marekani likaporomoka na Atari ikapata hasara ya zaidi ya dola milioni 500. Warner wakachoka. Julai 1984 wakampa Tramiel upande wa gemu za nyumbani na kompyuta, mashine za kwenye kumbi wakabaki nazo. Thamani ilikuwa dola milioni 240, na mzee hakutoa hata senti ya keshi. Alisaini hati za ahadi ya kulipa tu! Mjini shule.

Akaingia na wanawe, na hapo ndipo kilio kilipoanza. Watu wengi wakapunguzwa, ofisi zikafungwa, kila matumizi yakabanwa. Mashine mpya ya gemu, Atari 7800, ilikuwa tayari. Ikawekwa stoo kwa sababu ya ubishi wa nani awalipe walioitengeneza, ikaja kutoka kwa nguvu 1986, wakati Nintendo keshaingia. Kwa mtazamo wangu hapo ndipo alipokosea, siyo kwenye kupunguza watu. Kampuni ilikuwa inavuja damu, na bila yeye sidhani kama ingemaliza mwaka.

Akili yake ilikuwa kwenye kompyuta. Atari ST ya 1985 ilikuwa rahisi, na wanamuziki wa Ulaya waliipenda kwa sababu ilikuja na MIDI ndani yake. Gemu zikarudiwa baadaye, Lynx 1989 na Jaguar 1993, zote zikadoda. Mwaka 1996 akaiunganisha Atari na JTS, watengeneza diski za kompyuta. 1998 Hasbro wakainunua kwa dola milioni 5 tu. Linganisha na ile 240.

Tramiel alifariki Aprili 2012, ana miaka 83. Katika makumbusho ya Holocaust kule Washington alichongesha jina la Vernon Tott, mwanajeshi aliyepiga picha kambi ya Ahlem siku walipokombolewa.