Bibi Salme wa Unguja: Mapenzi Yaliyovuka Nasaba

Katika nchi nyingi za ulimwengu wapo wasomaji wanaopenda mno riwaya za mapenzi zinazosimulia habari za Uingereza ya miaka ya 1811 hadi 1820, wakati mwana wa mfalme alipotawala kwa niaba ya baba yake aliyekuwa mgonjwa. Mwandishi Jane Austen aliishi katika zama hizo. Georgette Heyer, katika karne iliyofuata, ndiye aliyezifanya kuwa uwanja wa riwaya nyingi. Ndani ya riwaya hizo bwana mwenye cheo na mashamba humpenda binti asiye na mali, jamaa hukasirika, majirani husengenya, na hatimaye penzi hushinda.

Hadithi za namna hiyo si ngeni kwetu huku Nyakabuye, karibu na mipaka ya Burundi na Kongo, ambako Kiswahili kimesafiri pamoja na biashara. Mahali popote ambapo watu wamepangwa kwa ngazi za ukoo na mali, msikilizaji hufurahi kuona wawili wakiziruka ngazi hizo. Lakini karibu riwaya zote hizo hukoma siku ya arusi. Leo tunakusudia kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu wa kweli, binti wa mfalme katika Afrika yetu ya Mashariki, ambaye kwake arusi ilikuwa mwanzo wa kulipa deni.

KUZALIWA NA MALEZI

Sayyida Salme binti Said alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kisiwani Unguja. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkasi aliyetekwa angali mtoto mdogo na kuuzwa utumwani. Kwa hiyo ndani ya damu ya Salme zilikutana ngazi mbili za mwisho: kiti cha enzi na soko la watumwa. Kwa sheria na desturi za nchi ile mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alihesabiwa kuwa mwungwana kamili, naye alilelewa kama binti wa mfalme.

Wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hakukuwa sehemu ya mafunzo yao. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Kitabu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Elimu hiyo ya wizi ndiyo iliyogeuza mwendo wa maisha yake.

Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856, akiwa safarini kurudi Unguja kutoka Oman. Mwanawe Majid akatawala Zanzibar. Miaka mitatu baadaye Salme alifiwa na mama yake kwa kipindupindu. Mwaka huo huo wa 1859 mwanamfalme mwingine, Barghash, alifanya njama ya kumpindua ndugu yake Majid, na Salme, akiwa na umri wa miaka 15, akawa mwandishi wa barua za waasi. Uasi ulizimwa kwa msaada wa Waingereza, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki kati ya pande mbili. Majid alimsamehe; ndugu waliokuwa upande wa Barghash walimwona msaliti kwa kuupokea msamaha huo. Basi alikuwa mpweke katika mji uliojaa jamaa zake kabla hajamjua Mzungu yeyote.

JIRANI WA HAMBURG

Baada ya kukaa shamba kwa muda, Salme alirudi mjini. Nyumba yake ilikaribiana na ya mfanyabiashara kijana wa Kijerumani kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete, aliyezaliwa mwaka 1839. Barabara za Mji Mkongwe ni nyembamba, na mtu aweza kuzungumza na jirani yake kutoka dari hadi dari. Urafiki ukawa mapenzi, na mwaka 1866 Salme akawa mja mzito.

Hapo ndipo tofauti ya hadithi na maisha inapojitokeza. Mwanamke Mwislamu hakuruhusiwa kuolewa na mwanamume asiye Mwislamu, na mimba ya binti wa mfalme nje ya ndoa ilikuwa aibu ya dola nzima. Uhai wake ulikuwa hatarini. Usiku wa tarehe 24 Agosti 1866, yasimuliwa kwamba wakati watu walipokwenda pwani kuoga kwa sikukuu ya Mwaka, Salme alipandishwa katika manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer na kupelekwa Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume. Alibatizwa kwa jina la Emily, na tarehe 30 Mei 1867 akafunga ndoa na Heinrich, aliyekuwa amemfuata.

Mtunga riwaya angeweka kalamu chini hapo. Lakini mtoto yule alifariki mwaka huo huo, wazazi wake wakiwa safarini kwenda Ujerumani.

UJANE NA UGENI

Huko Hamburg Salme alizaa watoto watatu: Antonie, Rudolph Said na Rosalie. Barua zake, zilizochapishwa muda mrefu baada ya kifo chake, zaeleza baridi, upweke, macho ya watu waliomtazama kama kioja, na moyo usiopata raha katika dini aliyoingia kwa ajili ya ndoa. Mlinzi wake alikuwa mumewe peke yake. Mwezi wa Agosti 1870 Heinrich aligongwa na gari la reli lililovutwa na farasi, akafariki. Salme alikuwa hajatimiza miaka 26, na mtoto wake wa mwisho alikuwa na miezi minne tu.

Tangu hapo alihama mji hata mji akitafuta maisha nafuu. Urithi wake Unguja ulizuiliwa kwa sababu aliiacha dini na kuolewa na mgeni. Barghash, yule aliyeandikiwa barua za uasi, alikuwa sasa ndiye Sultani. Alipozuru London mwaka 1875, Salme alimfuata kutafuta suluhu, lakini Waingereza walimzuia asimwone, wakampa ahadi ambazo hazikutimizwa. Mwaka 1885 serikali ya Bismarck ilimrudisha Unguja pamoja na manowari zake, wakati ilipokuwa ikimshurutisha Sultani juu ya ardhi ya bara. Watu walimlaki njiani kwa furaha. Kaka yake hakukubali kumwona. Ujerumani ilipopata ilichokitaka, madai ya mjane yaliwekwa kando. Safari nyingine ya mwaka 1888 haikuzaa matunda.

Mwaka 1886 alitoa kitabu cha kumbukumbu za maisha yake, miongoni mwa vya kwanza vya aina hiyo kuandikwa na mwanamke wa Kiarabu. Mkono uliojifunza kwenye mfupa wa ngamia ulimpatia jina ambalo nasaba ilimnyang'anya. Baadaye aliishi Jaffa na Beirut hadi mwaka 1914. Alifariki Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924. Katika vitu vyake kulikutwa mchanga wa pwani ya Unguja, nao ukazikwa pamoja naye Hamburg, katika kaburi la jamaa ya mumewe.

MAFUNZO

Haifai kuficha upande mwingine wa habari hii. Katika kitabu chake Salme, mtoto wa mama aliyeuzwa, aliitetea biashara ya utumwa na kuwadharau watu weusi waliofanya kazi katika majumba ya baba yake. Kwa sababu hiyo uwanja uliopewa jina lake Hamburg mwaka 2019 ulibadilishwa jina baadaye. Yeye aliruka ukuta uliomzuia yeye. Ukuta uliowafunga watumwa wa nyumbani kwao hakuuona kuwa ni ukuta.

Hilo, kwa maoni yetu, ndilo jambo ambalo riwaya za mapenzi hazitwambii. Penzi la wawili huweza kuuvuka mpaka, lakini haliuondoi mpaka wenyewe. Mpaka hubaki, na mara nyingi humdai ushuru yule aliyetoka mbali zaidi na mwenye walinzi wachache zaidi. Vijana wetu wasome riwaya hizo na kuzifurahia, kwani hamu ya kuona watu wakipendana bila kujali ukoo ni hamu njema. Ila sisi wazazi, ndugu na majirani tukumbuke kwamba sura zinazofuata baada ya arusi huandikwa na sisi, kwa mlango tunaoufungua au tunaoufunga mgeni anapobisha hodi. Salme alibisha kwa zaidi ya miaka ishirini, na mlango wa nyumbani kwao haukufunguliwa.