Solomon Shereshevsky, mtu aliyeshindwa kusahau

WATU wengi hulalamika kwamba wanasahau upesi. Solomon Shereshevsky, Mrusi aliyepata umaarufu kwa kuonyesha uwezo wa kumbukumbu jukwaani, alikuwa na shida iliyo kinyume: yaliyoingia kichwani mwake hayakutoka.

Shereshevsky alizaliwa mwaka 1886 katika mji wa Torzhok, kaskazini magharibi mwa Moscow, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake alikuwa na duka la vitabu. Ujanani alijifunza muziki akitarajia kuwa mpiga fidla, lakini maradhi ya sikio yalimpunguzia usikivu na matumaini hayo yakafifia. Baadaye aliingia katika uandishi wa habari mjini Moscow.

Kila asubuhi mhariri aliwagawia waandishi kazi, akiwatajia majina ya watu na anwani za kwenda. Wenzake waliandika, yeye hakushika kalamu. Mhariri alipotaka kumkaripia kwa uzembe, Shereshevsky alirudia maagizo yote neno kwa neno. Akapelekwa kwa wanasaikolojia, huku mwenyewe akistaajabu kusikia kwamba watu wengine hawana uwezo huo.

Aliyempokea, katika miaka ya 1920, alikuwa mtaalamu kijana, Alexander Luria. Alimsomea orodha za maneno na tarakimu 30, kisha 50, kisha 70. Shereshevsky alizirudia zote, kutoka mwanzo hadi mwisho na kutoka mwisho hadi mwanzo. Luria alimchunguza kwa takriban miaka 30. Alipomuuliza bila taarifa orodha aliyompa miaka 15 nyuma, alijibiwa bila kosa, na akatajiwa hata suti aliyokuwa amevaa siku ile.

Siri ilikuwa katika hisi zake, ambazo zilichanganyika. Kwake sauti ilikuwa na rangi, na neno lilikuwa na umbo au ladha. Sauti ya mwanasaikolojia mwenzake Luria, Lev Vygotsky, aliiona ya njano na yenye kumeguka.

Zaidi ya hayo, alivipanga vitu kwa mawazo kandokando ya njia aliyoifahamu, mara nyingi mtaa wa Moscow. Mkazi wa Kusini mwa Tanzania angeweza kutumia barabara ya kutoka Masasi kwenda Newala. Akipewa jembe, yai na taa, jembe angeliegemeza kwenye mlima wa mawe wa Masasi, yai angeliweka chini ya mkorosho njiani, na taa angeitundika Newala, penye Shimo la Mungu, ukingo wa Uwanda wa Makonde unaotazama bonde la Mto Ruvuma. Kukumbuka kungekuwa ni kuipita tena njia hiyo.

Hata makosa ya Shereshevsky yalitokana na njia hiyo. Yai akiliweka mbele ya ukuta mweupe, alipita bila kuliona.

Hatimaye aliacha kazi nyingine akawa msanii wa jukwaani. Watazamaji walimtajia tarakimu, maneno ya lugha asizozijua na hata maneno yasiyo na maana, naye akayarudia yote.

Hata hivyo, kazi hiyo ndiyo iliyofichua uzito wa mzigo wake. Kwa kuwa alifanya maonyesho kadhaa kwa jioni moja, tarakimu za onyesho la kwanza zilijitokeza mbele ya macho yake wakati wa la tatu. Alijaribu kuandika kwenye karatasi yale aliyotaka kuyasahau, akazitupa. Alipozichoma, aliziona tarakimu katika majivu. Nafuu ilikuja jioni moja alipogundua kuwa jedwali la zamani halikutokea kwa sababu tu hakutaka litokee.

Nje ya jukwaa hali ilikuwa ngumu zaidi. Kusoma hadithi kulimchosha, kwani kila neno lilizua picha na picha hizo zilisongamana hata maana ikapotea. Nyuso za watu zilimtatiza, kwa kuwa aliona kila uso ukibadilika kila mara. Aliwahi kupewa jedwali la tarakimu lililoanza na 1, 2, 3, 4, likafuatiwa na 2, 3, 4, 5, kisha 3, 4, 5, 6. Alilikariri kwa jasho, tarakimu moja baada ya nyingine, bila kutambua mpangilio ambao mtoto wa shule angeuona.

Hapo ndipo tofauti kati ya kukariri na kuelewa ilipodhihirika. Katika jamii za Masasi na Newala, ambako mwaka 1906 mtafiti wa Kijerumani Karl Weule alinasa nyimbo za wenyeji kwa fonografu, mafunzo ya jando na unyago yamepokewa vizazi hadi vizazi kwa nyimbo na mafumbo. Huko kumbukumbu hubebwa na wengi, na kinachotunzwa ni fundisho. Shereshevsky alibeba kila kitu peke yake, na kwake hakuna kilichokuwa kidogo kuliko kingine.

Alifariki dunia mwaka 1958. Miaka 10 baadaye, mwaka 1968, Luria alichapisha kitabu kidogo juu yake, akimtaja kwa herufi S tu. Kitabu hicho kimemfanya mtu huyo ajulikane kwa wanasaikolojia duniani kote, kama ushahidi kwamba akili ya binadamu huhitaji kusahau ili iweze kufikiri.