Adrian, Neva na Mtego Uliofyatuka

Mwanafunzi wa shule ya upili katika Kitui au Makueni hufundishwa kwamba neva hupeleka ujumbe ubongoni. Aghalabu haelezwi jinsi seli ya neva inavyoamua lini iseme na lini inyamaze. Aliyefumbua sehemu kubwa ya fumbo hilo ni Edgar Douglas Adrian, na maisha yake yanastahili kusimuliwa madarasani, hasa kwa manufaa ya mtoto mwenye kifafa.

Adrian alizaliwa London mwaka 1889, akasomea Cambridge chini ya Keith Lucas, mtaalamu wa misuli na neva. Lucas alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1916, Vita Vikuu vya Kwanza vikiendelea. Mwanafunzi akakamilisha kitabu cha mwalimu wake na kukitoa mwaka uliofuata. Adrian naye, akiwa daktari, aliwatibu askari waliojeruhiwa neva na waliopatwa na kiwewe vitani.

Amani iliporudi, alitumia vali za redio kukuza umeme hafifu wa neva. Mwaka 1926, akishirikiana na Yngve Zotterman wa Uswidi, alinasa ishara za uzi mmoja wa neva ya chura. Msuli ulipovutwa kwa uzito mkubwa zaidi, ishara hazikuongezeka ukubwa. Zilifuatana kwa haraka zaidi.

Anayeujua mtego wa ufito uliopindwa katika nyika za Mutomo au Kibwezi hatatatizika hapa. Ukiguswa kidogo, mtego hutulia. Mguso ukifikia kiwango chake, ufito hufyatuka kwa nguvu zote, awe aliyeugusa ni kanga au mbuzi. Kisha sharti utegwe upya. Ndivyo ilivyo seli ya neva. Hupokea ujumbe wa kuihimiza na wa kuizuia, ikaujumlisha. Jumla ikivuka kizingiti, seli hutoa ishara kamili, halafu hutulia kwa muda mfupi mno kabla ya kuweza kutoa nyingine.

Mwaka 1932 Adrian alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Charles Sherrington. Sifa hizo hazikumzuia kuwatendea haki wengine. Mjerumani Hans Berger alikuwa ametangaza mwaka 1929 kwamba mawimbi ya umeme wa ubongo yaweza kupimwa juu ya ngozi ya kichwa, na wengi walimtilia shaka. Mwaka 1934 Adrian na Bryan Matthews walithibitisha jambo hilo, Adrian akikitoa kichwa chake mwenyewe kipimwe. Kipimo hicho ndicho hadi leo kinachowasaidia madaktari kuchunguza kifafa.

Na kifafa ni nini, ila seli nyingi za ubongo kufyatuka kwa pamoja kupita kiasi? Si laana, si uchawi, wala hakiambukizwi kwa mate. Dawa huwatuliza wagonjwa wengi. Mwalimu ajuaye haya hatamrudisha mtoto nyumbani kwa hofu. Atamlaza kwa ubavu, hatamtia kitu kinywani, na atawahimiza wazazi wampeleke hospitalini.

Adrian alifariki mwaka 1977. Elimu aliyotuachia haina faida ikiishia kwenye karatasi ya mtihani, ilhali dawati la mwenye kifafa limebaki tupu.