Frederick Banting, daktari wa insulini: maisha yake na dalili mbili za sukari zisizofaa kuchanganywa

KISANGANI – Kila tarehe 14 Novemba, dunia huadhimisha siku ya ugonjwa wa sukari. Tarehe hiyo haikuchaguliwa ovyo. Ndiyo siku aliyozaliwa Frederick Banting, daktari wa Kanada aliyeanzisha kazi iliyoleta insulini, dawa ya sindano ambayo hadi leo inawaweka hai wagonjwa wengi duniani, wakiwemo wa hapa mjini. Banting alifariki mwaka 1941, lakini historia yake bado ina funzo kwa kila nyumba yenye mgonjwa wa sukari: sukari ya damu inaweza kuua ikipanda, inaweza pia kuua ikishuka, na namna ya kumsaidia mgonjwa si moja.

Mtoto wa mkulima

Banting alizaliwa mwaka 1891 katika shamba karibu na mji mdogo wa Alliston, jimbo la Ontario. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto 5. Mwaka 1910 aliingia Chuo Kikuu cha Toronto, lakini mwaka wake wa kwanza wa masomo ulikwenda vibaya. Mwaka 1912 akahamia masomo ya udaktari, na huko akatulia.

Vita vikuu vya kwanza vya dunia vilipopamba moto, masomo ya madaktari yaliharakishwa. Banting alimaliza mwaka 1916 na kujiunga na jeshi. Mwezi wa Septemba 1918, karibu na mji wa Cambrai huko Ufaransa, kipande cha kombora kilimjeruhi mkono wa kulia. Aliendelea kuwahudumia majeruhi wengine kwa saa nyingi kabla ya yeye mwenyewe kutibiwa, na kwa ushujaa huo alipewa nishani.

Baada ya vita, katikati ya mwaka 1920, alifungua ofisi yake ya matibabu katika mji wa London, ule wa Ontario. Wagonjwa hawakuja. Mwezi wa kwanza aliingiza dola 4 tu. Ili apate riziki, alikubali kufundisha katika chuo kikuu cha hapo. Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Oktoba 1920, alipokuwa akitayarisha somo kuhusu jinsi mwili unavyotumia sukari, alisoma makala ya kitaalamu juu ya kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Usingizi ukakataa. Kwenye saa nane za usiku aliamka na kuandika wazo lake kwa maneno machache: afunge mirija ya kongosho la mbwa, angoje sehemu inayotengeneza maji ya kusaga chakula ife, kisha atafute katika sehemu iliyobaki kile kitu kinachoshusha sukari.

Ugonjwa usiokuwa na dawa

Ili kuelewa uzito wa wazo hilo, inafaa kujua hali ya wagonjwa wa wakati ule. Fufu, chikwangue, lituma, wali na mkate vyote hugeuka sukari ndani ya mwili na kuingia katika damu. Insulini, inayotoka kwenye kongosho, ndiyo inayoifungulia sukari hiyo mlango iingie katika nyama za mwili na kutoa nguvu. Insulini ikikosekana, sukari inabaki ikizunguka katika damu. Mtu anakula, lakini mwili wake unashinda na njaa.

Figo hujaribu kuitoa sukari iliyozidi kwa njia ya mkojo, na sukari hiyo inatoka na maji mengi. Ndiyo sababu mgonjwa anakojoa mara kwa mara, hata usiku, kisha anashikwa na kiu isiyokatika. Anakonda ingawa anakula, anachoka bila kazi, macho yanaona ukungu, na vidonda vyake vinachelewa kupona. Hizo ndizo dalili za sukari iliyopanda. Kwa kawaida zinakuja polepole, kwa siku au wiki, na kwa watu wazima zinaweza kujificha kwa miaka.

Sukari ikiendelea kupanda na insulini ikawa haipo kabisa, mwili huanza kuunguza mafuta yake, na damu inajaa asidi. Hapo mgonjwa anatapika, anaumwa tumbo, anapumua kwa nguvu na kwa haraka, na pumzi yake inatoa harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Mwishowe anasinzia na kupoteza fahamu. Mwaka 1920 watoto waliofikia hatua hiyo walikufa. Madaktari walikuwa na njia moja tu ya kuchelewesha kifo, nayo ilikuwa kumnyima mgonjwa chakula. Watoto walibaki mifupa mitupu, wakipata miezi michache zaidi ya kuishi.

Kiangazi cha Toronto

Mwezi wa Novemba 1920 Banting alikwenda Toronto kumwona profesa John Macleod, mtaalamu aliyejulikana katika mambo ya sukari. Macleod hakuvutiwa mara moja. Daktari aliyesimama mbele yake hakuwa na uzoefu wa utafiti. Lakini mwishowe alimpa chumba cha maabara, mbwa wa majaribio, na mwanafunzi wa kumsaidia, Charles Best.

Wawili hao walianza kazi mwezi wa Mei 1921. Wakati huo Kisangani bado iliitwa Stanleyville, chini ya ukoloni wa Ubelgiji. Mbwa wengi walikufa mikononi mwao. Mwishoni mwa Julai, mbwa aliyekuwa ameondolewa kongosho alidungwa maji waliyoyatengeneza, na sukari ya damu yake ikashuka. Mwezi wa Desemba mtaalamu mwingine, James Collip, aliingia katika kundi ili kuisafisha dawa hiyo.

Tarehe 11 Januari 1922, katika hospitali kuu ya Toronto, mvulana aitwaye Leonard Thompson alidungwa sindano ya kwanza. Uzito wake ulikuwa karibu kilo 30 tu. Sindano hiyo haikumsaidia sana, na mahali pa sindano palivimba na kutunga usaha. Collip alirudi maabara akafanya kazi usiku na mchana. Tarehe 23 Januari mvulana huyo alidungwa dawa iliyosafishwa vizuri zaidi. Safari hii sukari ilishuka sana, na nguvu zikaanza kumrudia. Leonard aliishi miaka mingine 13.

Hatari ya pili yajitokeza

Dawa hiyo ilikuja na jambo jipya. Katika maabara, Collip alikuwa akijaribu nguvu ya insulini kwa sungura. Aliona kwamba sungura waliopewa dawa nyingi walitetemeka, wakaanguka na kupigwa na degedege. Alipowapa sukari, waliinuka tena. Ilikuwa wazi kwamba dawa inayoshusha sukari inaweza kuishusha kupita kiasi.

Watu nao waliyapitia hayo. Joe Gilchrist, daktari aliyesoma pamoja na Banting na ambaye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa sukari, alikubali kujaribiwa kila aina mpya ya insulini kabla haijapewa wengine. Kutokana na mwili wa watu kama yeye, madaktari walijifunza dalili za sukari iliyoshuka: jasho la baridi, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kichwa kuuma, hasira isiyo na sababu, maneno kuvurugika, kuyumba. Mgonjwa asiposaidiwa anaweza kupigwa na degedege, kuzimia na hata kufa. Tofauti na sukari inayopanda, hii inakuja kwa dakika chache.

Dola moja na tuzo ya Nobel

Mwaka 1923 haki za uvumbuzi wa insulini ziliuzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kwa kila mvumbuzi. Banting hakutaka daktari ajitajirishe kwa dawa ambayo mgonjwa hawezi kuishi bila yake. Mwaka huohuo yeye na Macleod walipewa tuzo ya Nobel ya udaktari. Banting, mwenye miaka 32 tu, alikasirika kwa sababu Best aliachwa nje, akamgawia nusu ya pesa zake. Macleod naye aligawana zake na Collip. Uhusiano wa watu hao wanne haukuwa wa amani, na ugomvi juu ya nani alifanya nini uliendelea miaka mingi.

Wakati wa vita vya pili vya dunia Banting alirudi katika kazi za jeshi. Mwezi wa Februari 1941 alipanda ndege kuelekea Uingereza. Ndege hiyo ilianguka katika kisiwa cha Newfoundland, naye akafa tarehe 21 Februari kutokana na majeraha. Alikuwa na miaka 49.

Somo lake katika nyumba za Kisangani

Zaidi ya miaka 100 baada ya sindano ya Leonard Thompson, hatari zile mbili bado zipo, iwe Makiso, Mangobo, Kabondo au ng'ambo ya mto huko Lubunga. Kinachotofautisha kupona na kufa mara nyingi ni kama watu wa nyumbani wametambua mapema ni hatari ipi.

Sukari iliyopanda inaweza kudhaniwa kuwa malaria, kwa sababu mgonjwa anatapika na kulegea, au kuwa uchawi, kwa sababu anakonda. Mtoto aliyeanza tena kukojoa kitandani, anayekunywa maji bila kuacha na kupungua uzito, anapaswa kupelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo apimwe sukari. Tone moja la damu linatosha. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika miligramu 126 kwa desilita au kupita, lazima daktari afuatilie. Mwenye kutapika, kupumua kwa nguvu na kusinzia asingoje kesho. Hayo yanahitaji hospitali, maji ya mshipa na insulini.

Sukari iliyoshuka inaweza kudhaniwa kuwa ulevi. Mtu anayumba barabarani, maneno hayaeleweki, na wapita njia wanasema moyoni kwamba amekunywa lotoko. Kumbe alidungwa insulini, au alimeza vidonge vya sukari, kisha hakula. Inaweza kumpata mwendesha toleka aliyepiga pedali tangu asubuhi na tumbo tupu, au mama wa sokoni aliyeahirisha chakula hadi auze vitu vyake. Pombe nayo, hasa bila chakula, huishusha sukari zaidi.

Kipimo kikiwa chini ya miligramu 70, mgonjwa anayeweza kumeza apewe mara moja vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari ndani ya maji, au nusu chupa ya soda yenye sukari. Baada ya dakika 15, kama hajapata nafuu, arudiliwe. Akipata nafuu, ale chakula. Aliyezimia asitiliwe chochote mdomoni, maana kinaweza kuingia katika mapafu. Alazwe ubavu na apelekwe hospitali haraka.

Na kama kipimo hakipo, na haijulikani kama sukari imepanda au imeshuka? Mgonjwa anayetumia insulini au vidonge, ambaye hali yake imebadilika ghafla na bado anameza, apewe sukari kwanza, kisha apelekwe kwa daktari. Sukari kidogo haitamzidishia sana ugonjwa kama ilikuwa imepanda, lakini kama imeshuka, kungoja kunaweza kumuua.

Wengi wa wagonjwa watu wazima wana aina ya pili ya sukari, ambayo mara nyingi huanza kutibiwa kwa chakula bora, mazoezi na vidonge. Wenye aina ya kwanza, kama Leonard, hawawezi kukosa insulini hata siku moja. Kuacha sindano kwa sababu mgonjwa hana hamu ya kula, au kwa sababu ameshauriwa kutumia mizizi peke yake, kunamrudisha katika hali ya wale watoto wa kabla ya mwaka 1922.

Joto la mji huu, ulio karibu kabisa na mstari wa ikweta, nalo huharibu dawa. Chupa ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, bila kuganda. Nyumba isiyo na friji, au ambayo umeme unakatika, inaweza kutumia chungu cha udongo kilichowekwa ndani ya kingine kikubwa, katikati mchanga uliolowa maji, juu kitambaa chenye unyevu, mahali penye kivuli na upepo. Hakifikii friji, lakini kinapunguza joto, na wagonjwa wa nchi zenye joto wamekitumia kulinda chupa wanayoitumia.

Banting aliuza haki yake kwa dola moja ili dawa imfikie kila mtu. Kwa familia nyingi, bei ya insulini na ya vipimo bado ni mzigo mkubwa. Lakini kujua dalili hakuna bei, na vijiko vichache vya sukari vinapatikana karibu katika kila nyumba. Aliye na mgonjwa wa sukari awafundishe wote wanaoishi naye, hata watoto, na mgonjwa mwenyewe asitoke nyumbani bila kitu kitamu mfukoni.